Mtalii wa Ghorofa ya Nne

Kabla ya kupiga simu, Lucky alichukua ufagio akamfukuza mjusi kwenye mnara wa kengele.

Mjusi aliteremkia paa la kanisa, akakatiza ukuta wa mawe wa miaka mia saba, akapotelea nyuma ya maboksi. Lucky akavaa koti zito, akajizungushia skafu shingoni, akazima feni. Feni ikizunguka, kijiji kizima kinapepea.

Joto la Desemba likamkumbatia kama shemeji mlevi.

Hiyo ilikuwa siku yake ya kumi na moja ndani ya stoo, ghorofa ya nne, juu ya duka lake mwenyewe la karatasi za kubandika ukutani, Kariakoo. Alikuwa nazo za maporomoko ya maji, za Makka, za Mlima Kilimanjaro, za maua makubwa kama ungo. Ukutani alibandika hii ya kijiji cha Italia, kimekaa juu ya kilima kama kofia. Ndugu zake wote walijua yuko huko, amealikwa na wenye kiwanda cha karatasi hizo. Hata kwenda kunyoosha miguu Mnazi Mmoja hakuweza. Kariakoo ukipiga chafya, lazima awepo mtu wa kwao Marangu wa kukuombea afya.

Kisa chenyewe ni Mama. Mwezi wa kumi na moja aliwapigia wanawe wawili, Heriel mkubwa na Lucky kitindamimba, akawaambia neno lilelile.

"Magoti yangu yamekwisha. Ng'ombe anataka majani, migomba inataka mtu. Krismasi mje wote wawili, na mmoja wenu harudi tena Kariakoo. Nani, mtajuana wenyewe."

Lucky alijua ni nani. Kwa mila za kwao, nyumba ya wazazi huachiwa wa mwisho kuzaliwa. Ndipo ikazuka safari ya Italia. Akifika Heriel peke yake, atabaki Heriel.

Na Heriel alifika. Kila alasiri alitokea kwenye simu amevaa sweta, theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikimetameta nyuma yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, Mtaliano! Mbona jasho?"

"Ndiyo kwanza nimemaliza kupanda kilima. Ngazi mia mbili na kumi, kaka, hata punda wao analia. Jana tumechuma zeituni. Kesho tunavuka bonde kwa kamba."

"Kwa kamba! Wewe uliyelia kwenye bembea ya Sunday school?"

"Na wewe je? Sweta na jasho, wapi na wapi?"

"Natoka kukata majani ya ng'ombe." Heriel akajipangusa paji la uso. "Bora wewe unatembezwa."

Lucky akaona aibu. Akabadilisha maneno.

"Mlima naona uko wazi."

"Uko wazi."

"Na jana ulikuwa wazi, bila hata wingu moja."

"Mungu ni mwema, mdogo wangu. Hebu ngoja, nini kile kinapanda mnara?"

Lucky hakugeuka. Mjusi, mwana haramu, amerudi.

"Watalii. Huku ndiyo michezo yao."

"Kina mkia."

"Ndiyo kamba yenyewe."

Heriel akatikisa kichwa kwa mshangao. Lucky akashusha pumzi.

"Nipe Mama nimsalimie."

"Yuko usharikani, wanapamba kanisa."

Jana alikuwa amelala. Juzi alikuwa kwa jirani. Lucky akaelewa: Mama amenuna, hataki kuongea naye. Kumpigia mwenyewe hakuthubutu. Mama huutambua uongo wa wanawe hata kwenye kikohozi.

Kufuli ikagonga mlangoni. Alikuwa Saadiya, muuza mabaibui wa duka la chini, mtu pekee aliyeijua siri. Kila siku alimfungia kwa nje ili stoo ionekane haina mtu, na kila siku alimletea chakula. Aliingia na hotipoti mbili, akaweka moja juu ya boksi.

"Haya Mtaliano, leo umefika wapi?"

"Dada Saadiya, nitakufa humu."

"Ukifa huku Italia, kukurudisha ni kazi. Kula."

"Na hiyo nyingine ya nani?"

"Ya mgonjwa wangu wa ghorofa ya tano. Una njaa au una umbeya?" Akasimama mlangoni akimtazama na koti lake, akacheka mpaka mtandio ukamvuka. "Nyie watu wa mlimani, Mwenyezi Mungu awasamehe."

Kufuli ikalia. Nyayo zake zikapanda ngazi.

Usiku ule Lucky hakulala. Alimwona Mama na panga lake, anashuka bondeni kwa makalio kutafuta majani. Alijipa moyo kwamba Heriel yupo, kisha moyo ukamuuliza: na wewe je?

Siku ya mkesha wa Krismasi, alasiri, alipiga simu bila skafu.

"Kaka, nisikilize. Nimechoka na hiki kijiji. Nakuja nyumbani, nibaki mimi. Wewe una watoto shule, rudi Dar. Ila mpaka nifike, nakuomba, Mama asikae peke yake."

Heriel akajipepea kwa kiganja. Jasho likamtiririka mpaka kwenye shingo ya sweta.

"Peke yake vipi, Lucky?" akasema taratibu. "Mimi si nipo naye? Nimekaa hapa kibarazani kwake namngoja atoke kanisani."

Nyuma ya bega la Heriel, mjusi akachungulia kutoka kilele cha Mawenzi, akakatiza theluji yote ya Kibo, akasimama kileleni anatikisa mkia.