Mstari wa Kwanza

Tunu aliandika amri moja kwenye skrini nyeusi, na kompyuta ya ofisi ya maji ikameza faili lenye majina ya wote walioomba kuunganishiwa bomba. Faili halikuwa na vichwa vya safu, yale maneno ya juu kama "jina" na "mtaa", kwa hiyo mashine ilidhani mstari wa kwanza, wa Bi Mwanakheri, ndio vichwa vyenyewe, ikamwacha nje ya hesabu ya waombaji.

Sasa bibi huyo alikuwa dirishani na ndoo yake tupu.

"Mwambie hayumo," mkuu wa ofisi alisema huku akitafuna sambusa.

"Mashine ndiyo iliyokosea, mkuu. Nifute, niingize upya. Ni dakika moja tu."

"Orodha nimeshaisaini!" Akaigonga skrini kwa kidole. "Aombe mwakani."

Kwenye skrini, mji mzima ulikuwa umepangwa chini ya jina la Mwanakheri, na juu ya jina hilo mafuta ya sambusa yaling'aa.