Laini ya Gachanja

"Hitler huyo! Hitler wa Mbotela!"

Muturi alipiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Alikuwa anautaka uenyekiti wa chama pale mtaani Mbotela, na kosa la mwenyekiti Gachanja lilikuwa moja tu: alifunga mkutano kabla Muturi hajahutubia.

Mzee Chege, aliyepigana vita vile vya Wazungu kule Burma, alishindwa kunyamaza. "Wewe Muturi, Hitler aliua watu mamilioni. Gachanja amemuua nani?"

"Ameua mkutano wa Jumanne!"

Ebo! Watu wakacheka, lakini jina likashika. Buchani, Hitler. Nje ya kanisa, Hitler. Kunyang'anywa kiti Gachanja angevumilia. Kilichomkata maini ni wajukuu wake mwenyewe kuanza kumpigia saluti mezani. Akaapa kwamba kura zisipomsafishia jina, atahama mtaa.

Siku ya uchaguzi ikafika. Miaka hiyo mambo ya karatasi hayakuwepo: unapanga laini mbele ya mtu wako, mnahesabiwa, basi. Muturi alisimama juani karibu na mfereji, na shemeji zake wakajipanga. Gachanja, kwa sababu ya presha, aliegemea duka la Abukar, ambalo bado lilikuwa limefungwa, apate kivuli.

Mwanzoni alikuwa na mkewe Waithera peke yake. Maskini, alitamani ardhi immeze. Kisha akaja Wangeci wa nyumba ya pili, na kikapu chake. Kisha mafundi viatu. Kisha kina mama ambao hakuwajua hata kwa sura. Wengine walisema wametoka mtaa wa Ziwani! Laini ikakata kona, ikaelekea Jogoo Road, watu wakisukumana wasipoteze nafasi.

Gachanja akalia mbele za watu, bila aibu.

"Muturi!" aliita. "Hitler anapangiwa laini namna hii?"

"Hata yeye alipangiwa!"

"Wangeci, mama, hebu mwambie. Kwa nini mmekuja?"

"Mzee, tuna watoto," alisema Wangeci kwa upole. "Wameteseka vya kutosha."

Gachanja akanyoosha mikono kuwashukuru wote. Nyuma yake dirisha la duka likafunguka, na Abukar akatoa kichwa.

"Haya, mzee, wewe ndiye wa kwanza. Lakini sukari ni kilo moja tu kwa kila mtu."