Mkutano Ulioshuka Jabalini

Hapo kale chama cha waganga wa mwituni kilikutana juu ya jabali, na wanachama wote walikuwa ndege. Fuko, mkunga hodari, akaita kutoka chini, "Mheshimiwa, nami nataka kujiunga."

"Hatumkatazi yeyote," alijibu Hondohondo, mwenyekiti. "Panda tu."

"Sina mabawa. Shukeni nyinyi, japo leo."

Kwa kuwa homa ya watoto ilikuwa imewashinda, ndege wakashuka shingo upande. Mara Fuko akahisi ardhi ikitetema, moyo ukamdunda kwa furaha. Nungunungu, Kobe na Kiboko walikuwa wanakuja, kila mmoja na dawa yake.

Hondohondo akaduwaa. "Kumbe mlikuwepo?"

"Miaka yote," alisema Fuko.

Homa ile haikumaliza wiki, na mkutano haukurudi jabalini tena.