Tundu la Hewa

"Sukuma mafuta mpaka mwisho," Bushiri alisema, simu kwenye sikio moja, kidole kwenye jingine. "Usiogope. Sukuma!"

Injini ikapanda, ikanguruma, kisha ikasita kama mtu aliyepaliwa. Ikakohoa mara mbili, ikashuka.

"Umesikia, mjomba?"

"Nisikie nini, Sofia? Niko Kariakoo hapa."

Pembeni yake spika ya Fortunata ilikuwa inatangaza sufuria, ya jirani inajibu kwa mashuka, na nyuma yao nyingine kumi zinagombania mteja mmoja. Bushiri alisimama mbele ya duka la vipuri la Elimringi, mkononi ameshika mpira mpya wa bomba la mafuta. Ulikuwa wa ndege ndogo ya viti viwili, ambayo tangu jana jioni ilikuwa inamisi, inakatakata, kila ilipopewa mafuta yote. Asubuhi alimwachia mpwa wake agizo moja tu: iwashe, ichemshe, usiende nayo popote.

Kesho saa tatu mkaguzi angeketi kando ya Sofia kumpima urubani. Kwa miaka mitatu binti alikuwa amejinyima kila kitu kwa ajili ya saa hiyo moja. Ndege ikikataa, mkaguzi harudi mpaka mwakani.

"Halafu hata shikamoo hukunipa."

"Shikamoo, mjomba. Niambie cha kufanya."

"Marahaba. Ukisukuma nusu, inasemaje?"

"Inakwenda. Lakini nusu haitoshi."

"Haitoshi, najua. Mkaguzi atakucheka. Vuta joto la kabureta."

"Nilishavuta. Vilevile."

"Swichi ya moto. Jaribu kushoto peke yake, kisha kulia."

Alisubiri. Mngurumo ulibadilika kidogo, ukarudi.

"Kushoto sawa. Kulia sawa."

Elimringi aliegemea kaunta yake. "Bushiri, hiyo ni ndege au bajaji?"

"Bajaji yako ndiyo inayokohoa mpaka abiria wanaipa pole. Niache nifikiri."

Alikuwa na majivuno, na alikuwa na haki nayo. Kwa miaka kumi na tisa hakuna injini iliyowahi kumshinda. Alifumba macho. Moto upo. Tangi limejaa. Nusu inakwenda, ikipewa yote inakufa. Basi mafuta hayashuki ya kutosha. Kwa nini yasishuke? Akaikumbuka ile ndege ilivyokaa nje wiki tatu za mvua bila kuguswa.

Alipiga kelele ya furaha mpaka wapita njia wakageuka.

"Nyigu! Sofia, ni nyigu! Wamejenga udongo wao kwenye tundu la hewa la tangi. Hewa haiingii, mafuta yatashukaje? Mpira huu nimeununua bure. Panda kwenye bawa, fungua kifuniko cha tangi, lipate hewa. Dakika moja, kazi imekwisha."

Simuni mngurumo haukupungua.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia. Siwezi."

"Huwezi nini? Kufungua kifuniko?"

"Kupanda kwenye bawa."

"Kwani umevaa viatu vya harusi?" Bushiri aliuliza, na Elimringi akaangua kicheko. "Basi zima injini, umwite mlinzi akufungulie."

"Siwezi kuzima, mjomba."

Hasira ikampanda. Ugonjwa ameshautaja, dawa ameshaitaja, na binti analeta madeko! "Hicho kifuniko hata bibi yako angekifungua! Unataka urubani au unataka kubebwa mgongoni?"

"Mjomba." Sauti yake ilikuwa imetulia, kama ya mtu anayetunga uzi kwenye sindano. "Jangwani pamekauka?"

Bushiri akamtazama Elimringi, akatikisa kichwa. Bonde lile la wazi kando ya Kariakoo hufurika kila mvua, na Dar nzima huulizana hilo, kila mtu na safari yake. Lakini sasa?

"Maji yameondoka. Yamebaki matope. Na wewe unatoka uwanja wa ndege, Jangwani unapitia wapi? Maliza kwanza ya ndege."

"Matope mengi?"

"Sofia! Achana na Jangwani! Sukuma mafuta mara ya mwisho, niisikie vizuri. Kama si nyigu, niite mjinga." Akainua mkono wake wenye mpira na kupaza sauti. "Jamani, nawaomba! Zimeni spika, dakika moja tu. Mtoto ana mtihani!"

Fortunata akazima. Wa mashuka akazima. Wengine wakafuata, wakilalamika, wakicheka, mmoja baada ya mwingine, hadi mtaa ukapata ukimya ambao Kariakoo huujua alfajiri ya Idi tu.

"Haya, mwanangu. Sukuma."

Injini ikapanda. Ikasita. Ikakohoa. Safari hii aliisikia vizuri mno, kila pigo lake, na ilikuwa vilevile alivyosema: tangi linakosa hewa. Akageuka akitabasamu ili Elimringi amkubali.

Elimringi hakuwa anamtazama. Alikuwa ametoka nje ya duka, kiganja kwenye paji la uso, macho juu ya mapaa. Fortunata naye hivyo hivyo. Mtaa mzima.

Bushiri akaondoa simu sikioni. Injini ikakohoa tena, kutoka angani, kwa sauti kubwa zaidi.