Kitasa Kinachosikia

Kitasa kipya cha Bi Rukia hakikuwa na tundu la ufunguo. Mwanawe alikinunua ili mama asihangaike kuinuka: mtu akipiga hodi, yeye aseme tu "karibu" hapo alipo, kitasa kiitambue sauti yake na mlango ufunguke. Mtaa mzima ulikuja kukishangaa. Siku zote kilifunguka kimya kimya. Hakuna aliyejua kwamba nacho kinasema.

Asubuhi hiyo Bi Rukia alianguka kando ya kitanda. Mdomo ulikwenda upande, ulimi ukawa mzito kama si wake.

"Hodi hapa!" Alikuwa Mama Salha, jirani yake, na harufu ya uji wa pilipili manga ikapenya chini ya mlango.

Bi Rukia alijikusanya. Ikatoka pumzi tu. "Ka… ibu."

"Sijakutambua," kitasa kikasema kwa sauti nyororo ya kike. "Tafadhali rudia."

"Ka… i…"

"Samahani sana. Tafadhali rudia."

Nje, Mama Salha akacheka. "Kumbe una mgeni, shoga yangu! Na adabu zake hizo! Haya, zungumzeni, mimi si wa kuwakatiza. Uji nauacha kizingitini."

Kandambili zake zikaburuzika uchochoroni, zikafifia. Bi Rukia alikuwa bado anachezesha midomo kitasa kilipowasha taa yake ya kijani.

"Mgeni ameondoka," kikamwambia. "Mlango wako uko salama."