Usajili wa Nassoro

Klabu kubwa ya mji ilipotangaza usajili wa vijana wapya wanane, na Nassoro akiwa mmoja wao, mtaa mzima ulihamia uani kwa mama yake, Bi Somoe. Ilikuwa desturi ya mtaa ule: kijana akisajiliwa, huwagawia wenzake zana zake, maana kazi ya vumbi haimhusu tena. Nassoro alikuwa mwashi. Timazi na pima maji alishavigawa. Mkononi ulibaki mwiko.

Kocha wake wa mtaani, aliyekuja kutoa pongezi, alipoona hayo akaguna. "Nassoro, kusajiliwa si kupata namba. Katika wanane nyie, akifika mmoja kikosi cha kwanza, mimi nitashukuru."

"Basi huyo mmoja ndiye unayemtazama, kocha," alisema Nassoro, na watu wakaangua kicheko.

Bi Somoe hakucheka. Aliwafikiria akina mama saba wengine, kila mmoja uani kwake, na mwana anayesema maneno hayohayo.

"Cheza, mwanangu, radhi zangu unazo," alisema. "Lakini mguu ni mfupa, na mfupa huvunjika. Mwiko huu niachie."

"Mama, unanitabiria mkosi mbele za watu?"

Rafiki yake Kitwana alishanyoosha mkono aupokee. Bi Somoe akauwahi, akaukamata. Nassoro naye hakuachia. Vicheko vikakatika, mwiko ukabaki hewani kati ya mama na mwana, na saruji kavu ikawa inapukutika juu ya kanga yake.