Kipande cha Kanga Nyekundu

Asubuhi ya bamvua maji yalikupwa mbali, na wanawake wa mji wakatawanyika mwambani kuchokoa pweza, kila mmoja kwenye shimo lake. Bi Mize alirithi lake kwa mama yake. Desturi yao ni moja: kinachotoka shimoni ni cha mwenye shimo, mwingine hakigusi.

Alisukuma chuma ndani, akahisi kitu laini kinang'ang'ania.

"Yumo!" akapiga kelele, akavuta.

Kilitoka kifuko cheusi cha taka kilichokuwa kimeziba mlango wa shimo. Nyuma yake akafuata pweza jike aliyeoza, na mayai yake yamegeuka ute wa kijivu.

Jirani yake, Bi Hidaya, alikitazama kifuko. Kilifungwa kwa kipande cha kanga nyekundu.

"Shoga, si kanga yako hiyo, uliyoichana kabla ya Ramadhani?"

"Lakini nilikikabidhi kwa gari la taka la manispaa, mkononi kabisa!"

"Basi limekurudishia. Shimo lako, kifuko chako. Kichukue."

Wanawake walicheka mpaka wakashika viuno.

Bi Mize alikibeba hadi barabarani, maji machafu yakimchuruzika mgongoni. Gari la taka likasimama.

"Shikamoo, mama," dereva alisema kwa adabu. "Lete nikutupie."

Bi Mize alitazama huku na huku. Mji mzima gari la taka lilikuwa hilo hilo moja. Akampa.

"Marahaba, mwanangu. Ahsante."

Gari likakata kona kuelekea pwani, kipande cha kanga kikipepea nyuma.